Kaumwa na nyoka: Utajibu nini simu ikipigwa kutoka kijijini?

Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tunaishi mjini, lakini kijiji hatujakihama. Mama yuko Nyamwaga, shangazi yuko upande wa Ngoreme, mdogo wetu analima mahindi na tumbaku karibu na Mugumu, na shule zikifungwa tunawapandisha watoto wetu basi la Tarime wakale mahindi ya kuchoma na kuchunga mbuzi wa babu yao. Kwa hiyo ninapoandika leo juu ya nyoka, asidhani mtu wa Mwanza au Dar es Salaam kwamba somo hili ni la wenye mashamba peke yao.

Ninafundisha Maarifa ya Uislamu katika shule moja ya sekondari mkoani Mara. Mimi si daktari na sitajifanya daktari. Lakini mwalimu wa dini huku kwetu huletewa kila kitu: ndoa, mirathi, jini, na mtu aliyeumwa na nyoka. Nilichokiona ni kwamba nyoka akimgonga mtu kijijini, kelele zikishapoa kidogo, watu hutafuta simu. Na simu hiyo haipigwi hospitali. Hupigwa kwa yule ndugu wa mjini mwenye mshahara.

Hupigiwa yeye kwa sababu nauli ya pikipiki haipo. Anaombwa jambo moja tu, atume pesa. Lakini mwenye pesa ana neno pia, na neno lake hufuatwa hata na wazee. Akisema, "Mpelekeni kwa yule mzee mwenye jiwe, mimi natuma cha dawa," watakwenda. Akisema, "Mpandisheni pikipiki sasa hivi, natuma nauli kabla hamjafika barabarani," watampandisha. Katika saa ile ya kwanza, mguu wa mtoto au uhai wa mama mjamzito huwa mikononi mwa mtu aliyelala mamia ya kilomita kutoka pale. Je, anajua la kusema?

Balaa lisilo na kelele

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka duniani, na kati yao watu 81,000 hadi 138,000 hufariki. Wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni kama mara tatu ya hao wanaokufa. Pamoja na ukubwa huo, ni mwezi Juni 2017 tu ndipo shirika hilo lilipoiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Mwezi Mei 2018 mkutano mkuu wa afya wa dunia ukapitisha azimio, na mwaka 2019 ukatolewa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

Kwa nini ulichelewa kiasi hicho? Kwa maoni yangu ni kwa sababu anayeumwa na nyoka hana kelele. Ni mkulima aliye pekupeku, ni mtoto anayechunga, ni mama anayeokota kuni magharibi inapoingia. Hawa hawaandikwi magazetini, na wengi wao hawaandikwi hata katika daftari la zahanati, kwa kuwa hawakufika zahanati. Walizikwa nyumbani.

Tarime na Serengeti zina kila kitu anachokipenda nyoka. Upande wa Tarime kuna vilima na majabali, migomba na mashamba yaliyobanana na nyumba. Ukivuka Mto Mara kwenda Serengeti unakuta vichaka, vichuguu, mazizi, na vijiji kama Robanda vilivyo jirani kabisa na hifadhi. Watu wanahifadhi nafaka ndani, nafaka inaleta panya, na panya anamleta nyoka. Nyoka hakuja kumtafuta mwanadamu. Amekuja kula.

Wajue hawa watatu

Nyoka ni wengi na wengi wao hawana sumu ya kumdhuru mtu. Majina nayo hubadilika ukitoka kabila hadi kabila, hivyo usigombane na mtu juu ya jina. Wapo watatu ambao mtu wa maeneo haya lazima awafahamu kwa tabia zao.

Wa kwanza ni kifutu, wengine humwita moma au bafe. Huyu ni mfupi, mnene, kichwa kipana, na mgongo una michoro ya rangi ya majani makavu na udongo. Ubaya wake ni uvivu. Nyoka wengi wakisikia vishindo vya miguu hukimbia, lakini kifutu hujilaza palepale akitegemea kwamba hutamwona, na kweli humwoni. Unamkanyaga. Hapo ndipo yule mvivu anapogeuka haraka kuliko kufumba na kufumbua. Kwa hiyo majeraha yake mengi yako kwenye unyayo, kifundo na muundi, na mengi hutokea jioni na usiku. Sumu yake hula nyama: mguu huvimba sana, malengelenge hutoka, maumivu ni makali, damu inaweza kutoka pasipotarajiwa na msukumo wa damu kushuka. Mara nyingi haui kwa dakika chache kama watu wanavyosimulia. Mgonjwa anaweza kuwa na saa nyingi mbele yake, na saa hizo ndizo tunazozimaliza kwa waganga.

Wa pili ni swila, yule atemaye mate. Huyu ana silaha mbili. Ya kwanza ni kutema sumu, na hulenga macho kutoka umbali wa mita mbili au zaidi. Ya pili, ambayo haizungumzwi sana, ni kwamba huingia ndani ya nyumba usiku akifuata panya au vifaranga, na humgonga mtu aliyelala sakafuni anapojigeuza. Mtu huamka na maumivu, hajui kilichomgonga, anadhani ni nge. Baada ya siku chache ngozi inakuwa nyeusi na nyama inaoza.

Wa tatu ni koboko. Watu wengi wanamtafuta nyoka mweusi, na hapo wanakosea, maana koboko mwili wake ni wa kijivu au kahawia iliyofifia. Weusi wake uko ndani ya kinywa. Anaweza kuzidi urefu wa mita tatu, hupenda maeneo yenye joto, huishi katika vichuguu, mapango ya mawe na miti yenye matundu. Jeraha lake huenda lisivimbe sana, na hili huwadanganya watu. Sumu yake inashika mishipa ya fahamu. Mgonjwa huhisi ganzi mdomoni, kope zinashuka kama mtu mwenye usingizi, mate yanamtoka, sauti inakuwa nzito, kisha kifua kinashindwa kuvuta pumzi. Huyu hana saa nyingi.

Wapo wengine, lakini hawa watatu wakieleweka, mtu ameshaelewa sehemu kubwa ya hatari.

Kwa nini mganga husifiwa

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye fundo.

Karibu kila kijiji nilichotembelea kuna mtu mwenye jiwe jeusi. Hubandikwa juu ya jeraha, linang'ang'ania, watu wanasema linanyonya sumu, kisha linadondoka lenyewe na huchemshwa katika maziwa. Wapo pia wenye mizizi, wenye chanjo za wembe, na wenye unga wa kupaka. Na kila mmoja ana mashahidi. Ukimwambia mtu kwamba jiwe halitibu, atakuonyesha watu watano walio hai. Utambishia vipi?

Jibu lake ni kwamba nyoka hamwagi sumu kila anapogonga. Sumu ni chakula chake, ndiyo inayomwulia panya, na anapomgonga mtu kwa kujihami mara nyingi huuma bila kuitoa, au huitoa kidogo. Ongeza hapo wale waliogongwa na nyoka asiye na sumu kabisa. Watu wote hao wangepona hata wangebandikwa kipande cha chungu. Jiwe linachukua sifa ya watu ambao hawakuwa wagonjwa, na wale wachache walioingiwa na sumu kweli, wakifa, inasemwa kwamba walicheleweshwa, au walivunja mwiko, au ajali ya Mungu. Kwa hesabu ya namna hiyo mganga hawezi kushindwa hata siku moja.

Jiwe lenyewe si jiwe, kwa kawaida ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Linanata kwa kuwa lina vitundu vinavyofyonza unyevu, kama mfupa mkavu unavyonata ulimini. Sumu haikai pale juu ikisubiri kufyonzwa. Imekwisha kuingia ndani ya nyama na kuanza safari. Watafiti wamelijaribu kwa panya waliochomwa sindano ya sumu, na halikuwaokoa.

Wapo watakaosema namdharau mzee wa kijiji. Sivyo. Wazee hawa wengi ni watu wema na baadhi yao hawatozi kitu. Lakini wema wa mtu hauipunguzi sumu.

Kamba inayokata mguu

Kibaya zaidi ya jiwe ni kamba. Jiwe hukupotezea muda tu, kamba hukupotezea kiungo. Nina mwanafunzi mmoja, kijana hodari wa tajiwidi, anayetembea kwa gongo. Alipokuwa darasa la tatu aligongwa na kifutu akichunga. Walimfunga mpira wa baiskeli juu ya goti, wakaukaza, wakakaa naye nyumbani usiku kucha wakingoja kupambazuke. Alipofikishwa hospitali, mguu chini ya ule mpira ulikuwa umekufa. Daktari aliwaambia wazazi kwamba hawezi kusema ni kiasi gani kililetwa na sumu na kiasi gani kililetwa na mpira.

Watu hufunga wakidhani wanaizuia sumu isipande. Kwa sumu ya kifutu na swila, kufunga ni kuikusanya mahali pamoja iile nyama vizuri, na huku damu safi haifiki. Tena kamba ikifunguliwa ghafla, sumu iliyokusanyika hukimbia kwa pamoja. Ndiyo maana kama mtu amefika hospitali akiwa amefungwa, kamba isikatwe na ndugu getini. Aachiwe mhudumu aifungue akiwa na dawa tayari. Kuna namna ya kuzungushia bandeji pana kiungo kizima inayotumika kwa sumu ya mishipa ya fahamu kama ya koboko, lakini hiyo ina mafunzo yake na haifai kwa kifutu. Asiyefundishwa aiache.

Halikadhalika msichanje kwa wembe. Sumu za baadhi ya nyoka huzuia damu kuganda, na mtu wa namna hiyo ukimchanja unamfungulia bomba lisilofungika. Msinyonye kwa mdomo, msipake mafuta ya taa, msimnyweshe pombe wala mitishamba ya kumtapisha, wala msimguse na waya wa plagi ya pikipiki, jambo ambalo vijana wa siku hizi wanaliona ni la kisasa.

Maneno ya kusema kwenye simu

Sasa simu imelia. Ni saa tatu usiku, mpwa wako kagongwa mguuni akitoka chooni. Unasema nini?

Kwanza waambie waondoke pale alipo nyoka na wasimfukuze. Wanaume wetu hupenda kumsaka kwa marungu, na mara nyingi anagongwa mtu wa pili. Nyoka aliyekufa naye asishikwe kwa mkono, maana kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma bado. Kama kuna aliyempiga picha kwa simu akiwa mbali, vizuri. Kama hakuna, daktari atatibu kwa dalili.

Kisha waambie mgonjwa alale, asitembee wala asikimbie. Wamvue viatu, pete, bangili, saa, shanga za kiunoni au mguuni, kila kinachobana, kabla uvimbe haujaanza. Mguu au mkono ufungiwe kipande cha ubao au fimbo mbili kwa khanga bila kukaza, kama wanavyofanya kwa mfupa uliovunjika, ili kiungo kisicheze. Wakumbuke saa aliyogongwa. Maumivu yakizidi, parasetamo inatosha. Asipewe aspirini wala diklofenaki kwa sababu dawa hizo zinaongeza hatari ya kutoka damu.

Halafu usafiri. Kama hakuna gari, pikipiki inafaa: mgonjwa akae katikati, na mtu mzima nyuma yake amshike. Anayetapika au kusinzia alazwe ubavu wa kushoto. Anayeshindwa kupumua apuliziwe pumzi mdomo kwa mdomo njiani bila kuacha, kwa sababu sumu ya koboko huzuia pumzi kwa muda, na aliyesaidiwa kupumua hadi hospitali anaweza kurudi akiwa mzima kabisa.

Kama ni sumu ya swila iliyoingia machoni, hapo hapo waoshe kwa maji mengi safi, dakika 15 hadi 20, macho yakiwa wazi, bila kuyasugua. Wafugaji huku hutumia maziwa, na kama maji hayapo maziwa yatasaidia kusafisha. Bado lazima macho yakaangaliwe, kwani kidonda kwenye kioo cha jicho kinaweza kumwachia upofu.

Na wewe uliye mjini, wakati wao wanafunga khanga, piga simu yako ya pili. Ipigwe hospitali. Uliza swali moja: je, dawa ya sumu ya nyoka ipo usiku huu? Tarime wana hospitali yao Bomani, Serengeti wana hospitali Mugumu, na juu yao kuna hospitali ya rufaa ya mkoa Musoma na Bugando kule Mwanza. Usikubali mgonjwa azungushwe vituo vitatu ndipo ajulikane hakuna dawa. Lakini kama anaanza kusinzia au pumzi inakuwa nzito, aende kituo cha karibu kwanza apewe huduma ya pumzi.

Dawa inayotoka kwa farasi

Dawa halisi ya sumu ya nyoka ni moja tu, nayo madaktari huiita antivenomu. Ilianzishwa na Mfaransa Albert Calmette mwishoni mwa karne ya 19. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka mwili wake utengeneze kinga, kisha kinga hiyo hutolewa katika damu yake na kusafishwa. Haikupita muda mrefu, daktari mmoja wa Brazil aitwaye Vital Brazil akaonyesha kwamba kinga iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa nchi moja haimfai aliyeumwa na nyoka wa nchi nyingine.

Jambo hilo la zaidi ya miaka 100 bado linaua watu Afrika. Nchini Ghana iliwahi kuingizwa dawa mpya badala ya ile iliyozoeleka, dawa ambayo haikulingana vema na nyoka wa kule, na vifo katika hospitali moja ya vijijini vikapanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Kwa hiyo mfamasia, na hasa Waislamu wenye maduka ya dawa wanaosoma hapa, wasitazame bei ya chupa peke yake. Wasome karatasi iliyo ndani ya boksi: je, imetajwa sumu ya kifutu, swila na koboko wa Afrika? Kama waliotajwa ni nyoka wa Bara Hindi tu, dawa hiyo si ya Mugumu.

Upatikanaji nao ni mtihani. Kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza dawa yake ya nyoka wa Afrika mwaka 2014, na shehena ya mwisho ikamaliza muda wake mwaka 2016. Sababu ilikuwa biashara: wanaoihitaji hawana pesa. Zipo dawa nyingine zinazotengenezwa Afrika Kusini, India, Mexico na Costa Rica kwa ajili ya nyoka wa Afrika, lakini ni ghali, mgonjwa mmoja anaweza kuhitaji chupa kadhaa, na zahanati nyingi za vijijini hazina hata moja.

Dawa hii inaweza kumletea mgonjwa mzio mkali, kwa hiyo hutolewa mahali penye adrenalini na mhudumu anayemwangalia. Si ya kununua na kudungiana nyumbani. Na si kila aliyegongwa huipata. Hupewa mwenye dalili za sumu. Asiye na dalili anawekwa chini ya uangalizi saa 24. Ndugu wengi hukasirika hapo, "Mbona hawampi dawa?" Wasikasirike, wamwache pale alale. Jambo lingine linalowashangaza wengi ni kwamba mtoto hupewa kiasi kilekile cha mtu mzima, kwa kuwa nyoka hakupunguza sumu alipoona ni mtoto. Kwa mwili mdogo sumu ile ni kubwa zaidi.

Hata kituo kidogo kina la kufanya. Kuna kipimo kisichohitaji umeme wala mashine: damu ya mshipa mililita 2 katika kichupa cha kioo kisafi na kikavu, kinaachwa kimesimama dakika 20, kisha kinainamishwa. Damu ikimwagika bila kuganda, ujue sumu inafanya kazi na mgonjwa asingoje asubuhi. Na huduma hii si lazima iwe ya madaktari bingwa. Kule Meserani, nje kidogo ya Arusha, kuna kliniki pembeni ya bustani ya nyoka iliyowatibu watu wa vijiji vya Wamasai bila malipo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha jinsi wauguzi walivyoifanya kazi hiyo wenyewe, dawa ikiwepo.

Kusoma Fatiha na kupanda pikipiki

Hapa ndipo ninapoulizwa mimi kama mwalimu wa dini. Wanaoniuliza hunikumbusha habari ya Abu Said al-Khudri (r.a.) na masahaba waliomsomea Suratul Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, akapona. Habari hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari, na kusoma ni katika dini yetu. Ninachouliza ni hiki: nani kasema asomewe akiwa amekaa nyumbani? Fatiha inasomeka juu ya pikipiki. Mama anaweza kuisoma mkono wake ukiwa kifuani mwa mwanawe njia nzima hadi Mugumu. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu, na yule bedui aliyeuliza juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee kwa Mwenyezi Mungu. Shekhe anayempokea mgonjwa wa nyoka na kumlaza msikitini ili amalize visomo amejitwisha dhima ambayo simwonei wivu.

Na kuna neno jingine baya, "nyoka wa kutumwa." Mtu kagongwa, badala ya kutafutwa usafiri, kunaanza kutafutwa mtumaji: mke mwenza, jirani waliyegombea mpaka, bibi mzee mwenye macho mekundu. Nimesikia haya hata katika nyumba za watu wanaoswali swala tano. Yanampotezea mgonjwa saa mbili, na yanaweza kumtia mtu asiye na hatia katika hatari kubwa kuliko ile ya nyoka. Ukiyasikia kwenye simu, yakate.

Kabla hajaja

Kinga yake si ghali. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka humzuia mbu na humzuia nyoka. Huko Nepal watafiti walikuta wanaolala ndani ya chandarua wanaumwa na nyoka mara chache zaidi. Kulala kitandani ni bora kuliko sakafuni. Tochi usiku, hata kama choo kiko hatua kumi. Gambuti shambani, na kama hazipo, viatu vyovyote vilivyofunika mguu. Majani yafyekwe kuzunguka nyumba, rundo la mawe, matofali na kuni lisiegemee ukuta, nafaka ifunikwe, banda la kuku lisiwe chini ya kitanda. Mkono usiingizwe katika shimo au kichuguu kufuata panya au kumbikumbi, na gogo lisirukwe: likanyagwe juu, utazame ng'ambo, ndipo ushuke. Watoto wa mjini wanaopelekwa likizo waambiwe haya kabla ya basi kuondoka, maana wao hawajui hata kuogopa.

Kama nyoka yuko shambani na hana habari nawe, mwache apite, anakulia panya wako.

Nina ombi kwa vyama vya watu wa Tarime na Serengeti walioko mijini, na kwa misikiti ambayo waumini wake wengi wametoka huku. Mna mifuko ya misiba, na michango yake hutoka haraka mtu akifa. Tengeni sehemu ya mfuko huo iwe ya nauli na dawa kwa aliyegongwa, ipatikane usiku uleule bila kuitisha kikao. Chagueni mwendesha pikipiki mmoja katika kila kijiji chenu, mwenye tochi na anayejua njia ya mvua, mkubaliane naye kwamba analipwa hata akiamshwa saa nane. Na kila mmoja aandike katika simu yake leo namba ya hospitali iliyo karibu na kwao, pamoja na namba ya zamu ya usiku, kisha apige mchana mmoja aulize kama dawa ya nyoka ipo na itakwisha muda wake lini.